Nauli ya Mtu wa Baiskeli: Mvalishaji Kimono Aliyerudi Kusahihisha Kodi ya Miaka Mitatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumapili ya Novemba, Chizuru Hamasaki amepiga magoti nyuma ya mtoto wa miaka saba, pini mbili zikiwa kinywani mwake. Mtoto anaitwa Kotoha. Leo anapelekwa hekaluni kushukuru kwa kufikisha miaka saba, naye hataki.

"Inanibana."

"Lazima ikubane kidogo," anasema Chizuru bila kutoa pini. "Isipobana itakuvuka mbele ya mpiga picha."

"Ivuke tu."

"Ikivuka, bibi yako atanikata kichwa. Unataka nikatwe kichwa?"

Kotoha anafikiri. "Kidogo," anajibu.

Dakika ishirini baadaye mtoto amesimama wima, kimono chekundu kimemkaa, na obi, ule mshipi mpana wa mgongoni, imefungwa fundo lenye umbo la kipepeo. Bibi yake anatoa bahasha nyeupe na kuisogeza juu ya mkeka kwa mikono miwili. Juu yake pameandikwa neno moja: nauli.

Chizuru anaipokea kwa mikono miwili, anainamisha kichwa, kisha anafanya jambo ambalo wavalishaji wa mji huu wa Tsuyama hawalifanyi. Anaifungua palepale, anahesabu noti, na kutoa kitabu cha risiti mkobani. Bibi anageuza uso pembeni, kama mtu aliyemkuta mgeni anajikuna.

"Jamani, Bi Hamasaki, risiti ya nini tena? Si nauli tu hiyo?"

"Nimekuja na baiskeli, bibi," anajibu Chizuru, na anaendelea kuandika.

Chizuru ana umri wa miaka 52. Siku za kazi ni mpishi wa chakula cha mchana katika shule ya msingi, kwa mshahara wa yeni 158,000 kwa mwezi. Siku za mapumziko huvalisha watu kimono: maharusi, watoto, wafiwa, na zaidi ya wote vijana wanaofikisha utu uzima kila Januari. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na mitatu.

Katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anamlipa. Mtu akija nyumbani kwako kukufunga obi, hulipi. Unamrudishia nauli yake. Bahasha yenye yeni elfu kumi huitwa nauli hata kama aliyekuja anaishi nyumba ya tatu.

"Na mimi niliamini," anasema Chizuru. "Mshahara ulikuwa shuleni. Bahasha zilikuwa shukrani. Ungeniuliza kipato changu ni kipi, nisingezifikiria kabisa. Si kwamba nilizificha, hazikunijia akilini."

Zilipaswa kumjia. Mume wake, Yoshiteru, dereva wa lori la saruji, alipasuliwa uti wa mgongo, na matibabu yakaendelea kwa miaka. Miaka mitatu mfululizo Chizuru alijaza ritani ya kodi ili arudishiwe sehemu ya gharama za hospitali. Aliambatanisha kila stakabadhi ya dawa, hata ya plasta. Kwenye mstari wa mapato mengine aliandika sifuri, mara tatu.

Februari mwaka jana, akijiandaa kujaza ya nne, alipata barua kutoka studio moja ya picha ambayo humwita mara kwa mara. Studio ilikuwa imeajiri mhasibu mpya, na mhasibu huyo alikuwa amemtumia kila mtu karatasi inayoonyesha alichopokea kwa mwaka. Jina la Chizuru lilikuwepo. Kiasi kilikuwepo, hadi yeni ya mwisho. Mbele yake paliandikwa: ujira.

"Niliisoma nimesimama jikoni. Nikamwambia mume wangu, hawa wamekosea, mimi sijawahi kupewa ujira pale, nilipewa nauli. Akaniuliza, 'Nauli ya gari gani?'"

Chizuru anacheka akisimulia, lakini anasema siku hiyo hakucheka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Asilimia kubwa ya kazi zake zilikuwa zinapitia kwa Bi Mineko Tatsumi, mwenye umri wa miaka 76, aliyemfundisha kazi. Wateja humpigia simu Bi Tatsumi, naye huwagawia wanafunzi wake saba. Ndiye aliyemshika Chizuru vidole na kumwonyesha jinsi ya kukaza obi bila kumnyima mtu pumzi. Chizuru, ambaye mama yake alifariki mapema, anasema hajui amweke wapi mwanamke huyu zaidi ya hapo alipokuwa mama yake.

Angeweza kwenda ofisi ya kodi kimyakimya. Hakutaka Mwalimu, kama anavyomwita Bi Tatsumi, alisikie kwa mtu mwingine. Alimpelekea habari mwenyewe.

"Alinimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho," anakumbuka. "Kisha akasema, 'Chizuru, ukienda wewe kusema, kesho wataniuliza na mimi. Miaka arobaini.' Nikamwambia, Mwalimu, ukienda mwenyewe kabla hujaitwa, hawakupigi faini. Akanitazama. 'Unafikiri naogopa faini?'"

Bi Tatsumi alikuwa na hoja yake, na Chizuru anaieleza bila kuipunguza. Bahasha ile ni moyo wa mtu. Ukiiandika kuwa ujira, unamwambia yule mama aliyelia siku ya harusi ya binti yake kwamba machozi yake yalikuwa na bei.

"Akaniuliza, 'Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa vibarua?' Nikasema, tulikuwa mafundi, Mwalimu. Si aibu. Akainuka, akaondoa vikombe, na changu kilikuwa bado kimejaa. Akasema, 'Nenda. Ila kazi zangu usizingojee tena.'"

Alikwenda ofisi ya kodi wiki iliyofuata, na kitu kimoja mkononi: daftari. Huku kwetu ukipokea bahasha lazima urudishe kitu, na asiyeandika alichopokea atajiaibisha kwa kurudisha kidogo au kingi mno. Kwa hiyo Chizuru aliandika kila bahasha aliyowahi kupewa: tarehe, familia, kiasi, na alichorudisha. Hakuna mfanyabiashara wa mtaa huu mwenye hesabu safi kama hizo, na yeye hakujua kwamba ni hesabu.

Aliyempokea alikuwa ofisa wa kike wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Alilifunua daftari taratibu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Bi Hamasaki, hii safu ya mwisho ni nini? Manju kumi. Majani ya chai gramu mia. Manju kumi. Manju sita."

"Nilichorudisha."

"Kwa kila bahasha?"

"Kila bahasha."

"Na huyu wa manju sita alikukosea nini?"

"Alitoa kidogo."

Ofisa aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Alipoweza kusema tena, alieleza kwamba vitafunwa vinavyopelekwa kwa mteja kwa ajili ya kazi vinaweza kuondolewa kwenye mapato, mradi ushahidi uwepo. Duka la manju, vile vikeki vyenye maharage matamu ndani, ambalo Chizuru hajawahi kulihama, lilimtolea orodha ya miaka yote mitatu kwa mchana mmoja.

Hesabu ilikuja hivi. Bahasha za miaka mitatu zilifika yeni 1,412,000. Manju, chai, pini, kamba na vitambaa vya kujazia vilitoa 320,000. Kodi iliyoongezeka, pamoja na ile ya mji iliyofuata baadaye na riba kidogo ya kuchelewa, ilikaribia yeni 167,000. Faini haikuwepo kwa sababu alikwenda kabla ya kuulizwa.

"Zaidi ya mshahara wa mwezi," anasema. "Tuliahirisha kubadilisha tairi za gari. Mume wangu akasema, si unayo nauli, tupande teksi. Bado anaurudia mzaha huo, na bado hauchekeshi."

Mzigo mwingine ulikuwa mkubwa zaidi. Bi Tatsumi alishika neno lake. Mwaka uliotangulia Chizuru alivalisha watu 61. Mwaka jana walikuwa 19, wengi wao wa ile studio. Wenzake wawili walimsalimia sokoni huku macho yao yakitazama vitunguu. Mmoja alimnong'oneza, "Umetuvua nguo, dada." Kwa mvalishaji, hakuna tusi zaidi ya hilo.

Kisha ikaja Januari mwaka huu, siku ya vijana kutimiza utu uzima, ambayo wavalishaji huanza kazi saa kumi alfajiri na kula wamesimama. Simu yake haikuita. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu alikunywa chai asubuhi ya siku hiyo ikiwa moto.

"Wasichana walipita barabarani," anasema. "Niliwatazama dirishani. Mmoja fundo lake lilikuwa limelala upande. Nililia, sikatai. Sikulilia bahasha. Nilimlilia Mwalimu."

Alipoulizwa kama anajuta, aliuliza naye kama waandishi wa habari hawapewi bahasha za nauli wakialikwa kuzungumza mahali. Mwandishi aligeuza ukurasa wa daftari lake.

Sasa Chizuru amejiandikisha rasmi kama mvalishaji, kwa jina lake. Anatafuta chumba cha kupanga karibu na kituo cha treni, chenye nafasi ya vioo viwili, ili awavalishe watu hapo badala ya kuwafuata. Wateja wake wamefika 34 mwaka huu. Orodha ya huduma ameibandika mlangoni kwake, akaitoa kwa haya, kisha akaibandika tena.

Jumanne iliyopita, akiwa anaosha masufuria shuleni, simu ilitetemeka mfukoni. Alitoka nje na glavu mikononi.

"Chizuru."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mjukuu wangu anatimiza utu uzima Januari ijayo. Vidole vyangu vimekataa. Navuta obi, haikaziki."

"Wanafunzi wako wengine je, Mwalimu?"

"Nimekupigia wewe."

Chizuru anasema alivua glavu moja kwa meno ili aishike simu vizuri. Halafu Bi Tatsumi aliuliza swali ambalo, kwa miaka yote waliyofahamiana, hakuna kati yao aliyewahi kulitamka mbele ya mteja wala mbele ya mwenzake.

"Unatoza kiasi gani?"

"Nilitaka kumwambia usinipe kitu, Mwalimu, wewe ni mama yangu," anasema Chizuru, na hapa anafuta macho kwa kiganja. "Lakini ningesema hivyo, ningekuwa nimemwambia kwamba alikuwa sahihi, na mimi nilimpoteza bure. Nikamtajia. Elfu kumi na mbili, na nywele ni mbali."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ghali wewe.' Kisha akasema, 'Saa kumi kamili. Usichelewe.'"