Mdaiwa wa Tatu Alitolewa Kesini Peke Yake

Siku yangu ya kwanza kazini pale Kilosa, Karani Mkuu alinikabidhi mkoba wa turubai na pedi ya wino. "Ukimpata mhusika, mpe karatasi, asaini au aweke dole gumba, uondoke," alisema. "Usikae kunywa uji wa watu." Nilikuwa mpeleka samansi, yaani mtu wa kuwafikishia watu wito na maamuzi ya mahakama. Siku za kesi niliita majina mlangoni. Ninyi vijana mnaoianza kazi hii msivunjike moyo: watu wakikuona unakuja, mazungumzo hukatika. Utazoea, kidogo.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Mikumi ilijaa malori na nyumba za wageni. Katika kijiji kimoja cha jirani, kamati ya maji iliwakataza wafugaji kuteka kwenye pampu kwa sababu tu ni wafugaji. Familia zao zikashtaki kudai haki yao, na wanakamati wote watano wakawa wadaiwa. Wa tatu alikuwa mzee Kibwana. Muhtasari wa kikao kilichopitisha katazo hilo ulipoletwa mahakamani ulikuwa na saini nne. Yake haikuwemo; alikuwa amekataa.

Kwa kawaida wadaiwa wa kesi moja huamuliwa pamoja. Lakini Hakimu alisema hakuna sababu ya kumsubirisha, akasoma hukumu ya mwisho kumhusu mzee huyo peke yake. Maana yake ni kwamba kwake kesi imefungwa, ingawa kwa wenzake inaendelea. Siku hiyo mzee alikuwa na homa, hakufika mahakamani, hivyo nikampelekea nakala.

Nilimkuta pampuni. Foleni ilikuwa ndefu, lakini karibu naye hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mzee. Umeshinda. Umetoka kesini."

"Marahaba." Hakutabasamu.

Mwenyekiti wa kamati, mdaiwa wa kwanza, alipaza sauti: "Mpisheni msafi wetu! Ametuuza, sasa analetewa cheti!" Watu wakacheka.

"Mwanangu, nirudishe," mzee alininong'oneza.

"Nikurudishe wapi?"

"Kwenye kesi. Tulikuwa tunapanda lori moja kwenda Kilosa."

Nikamweleza taratibu kwamba hilo haliwezekani.

"Basi wasomee hiyo karatasi. Wasikie kwamba sikumsema mtu, ni muhtasari ndio uliosema."

Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kukabidhi tu. Akasaini. Nikaondoka.

Kesi ilipotajwa tena niliita wa kwanza, wa pili, kisha wa nne. Sauti ikatoka nyuma: "Nipo."

"Mzee, wewe huitwi tena," Hakimu alisema kwa upole. "Nenda nyumbani."

"Nyumbani nani ananijibu salamu, mheshimiwa?"

Wenzake wanne walitazama mbele. Alikuja kila kesi ilipotajwa, hadi wafugaji walipopewa haki ya kuteka maji. Siku hiyo pia wanne waliondoka pamoja kwa lori, yeye akabaki kituoni.

Sasa nimestaafu na nina muda wa kufikiri. Hukumu ile ilisomwa katika mahakama ya wazi; haikuwa siri. Hakuna kanuni iliyonikataza kuisoma pale pampuni. Zilikuwa kurasa mbili. Kwa hiyo, wanangu, mkiombwa, someni, tena kwa sauti. Mimi nilidhani nafasi nyingine ingekuwepo. Mzee Kibwana hakuniomba mara ya pili.