Trei Iliyokaa Mlangoni

Dada yangu ametimiza miaka kumi na tisa ya kulea miche kwenye kituo cha utafiti wa mimea, na mpaka leo karatasi zao zinamwita "mhudumu". Nyumbani tunamwita Mama Miche. Nyanya ikiumwa, anajua kwa kutazama jani tu. Lakini hana cheti, na pale asiye na cheti hahesabiwi kuwa ana macho.

Mwaka jana bosi wake, Daktari wa mimea, alikuwa akichunguza ukoo wa jeni unaoisaidia nyanya kustahimili baridi. Dada alinifafanulia tukiwa mezani. Jeni hizo ni ndugu. Baridi ikiingia, mkubwa huamka kwanza, akawaamsha wadogo zake, nao ndio wanaoulinda mche.

"Sasa mdogo wangu," akaniuliza, "wewe ukimwagiwa ndoo ya maji usingizini, utapata akili ya kumwamsha nani?"

Ndivyo Daktari alivyoifanyia miche. Aliitoa kwenye joto la banda la kioo, akaiingiza moja kwa moja kwenye chumba cha baridi cha nyuzijoto nne. Kesho yake imelegea kama mboga iliyochemshwa. Akarudia mara tatu, matokeo yale yale. Dada akamshauri, "Daktari, tuizoeshe kwanza, iionje baridi kidogo kidogo."

"Mama, wewe mwagilia tu."

Mtu mzima na mvi zake anajibiwa hivyo! Kisha ikatoka amri: aina ile ya nyanya haifai, mbegu zake zote zichomwe Ijumaa. Mbegu ambazo dada alizichambua kwa mkono wake misimu minane.

Dada alichukua trei moja ya miche, akaiweka kwenye korido ya chumba cha baridi, karibu na mlango, penye ubaridi wa kiasi. Ilikaa hapo siku nne, ndipo akaiingiza ndani. Alhamisi asubuhi akamwita Daktari aje aone. Miche ishirini na minne, yote imesimama.

Mbegu zikapona. Daktari akapima, akashangilia, akaandika ripoti. Niliisoma mwenyewe: "Kwa bahati, trei moja ilisahauliwa mlangoni." Ilisahauliwa! Mwanamke asiyesahau hata tone la maji, eti kasahau trei nzima. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Na teke lenyewe lilikuwa bado linakuja. Ofisi ilisoma ripoti ile ile, ikaona kumbe kuna mhudumu mzembe, ikamwandikia barua ya onyo kwa kutelekeza vifaa vya utafiti. Karani akamsogezea kalamu.

"Saini tu, mama, usijisumbue. Ni karatasi tu hiyo."

Dada aliisoma mpaka chini, palipoachwa mistari miwili ya maelezo ya mtumishi. Akaandika polepole: "Sikuisahau. Niliiweka." Kisha akasaini jina lake lote.

Barua hiyo ya onyo ndiyo karatasi pekee kituoni inayosema nani aliiweka trei ile.