Ufa wa Chumba cha Bi Harusi

Mwanangu, iko siku moja mpaka leo sijaisahau. Keti hapa karibu, na hiyo ndoo ya chokaa iweke chini kwanza. Harusi ya bintiyo haikimbii.

Nilikuwa kigori, twakaa hapa hapa Kibokoni, na dada yangu Rukia ametawishwa. Wajua mambo yetu: mwari akishaingizwa ndani hatoki wala haonwi, hata jua halimpati, mpaka siku yake. Alasiri moja ardhi ilitikisika kidogo tu, vikombe vikagongana kabatini. Tukacheka. Kesho yake tukaona ufa kwenye ukuta wa chumba cha Rukia, umeshuka kutoka kwenye boriti za dari hadi dirishani, na umetokeza hata nje.

Orofa ya chini tulimpangisha Bwana Mwakio, Mtaita, mtu wa kupima miamba. Aliuona ule ufa akiwa kichochoroni, uso ukambadilika.

"Mzee," akamwambia baba, "tatizo si ukuta. Chini ya bahari mwamba umepasuka tangu kale, kama ulivyopasuka kule Bonde la Ufa. Ile mipasuko haijalala. Ikiteleza, nchi hutikisika, na pengine hurudia. Mtoeni bi harusi chumba hiki."

Baba alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini jina lake alilipenda kuliko usingizi. Mwari apitishwe njiani, watu wa mtaa wa Kuze wamwone? Astaghfirullahi!

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. "Nami naziba."

Fundi akaitwa, ikapakwa saruji, na chokaa juu yake. Ukuta ukapendeza, wallahi. Mwakio akauliza, "Huu wa juu umeuziba, mzee. Ule wa chini utauziba na nini?" Baba akamwambia mambo ya bara asituletee mjini, nasi tukacheka tena. Wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lilikuja.

Lilikuja asubuhi, siku ya hina. Nchi ilitikisika hata watu wakamiminika nje, wake kwa waume, wengine bila viatu. Rukia akasimama mlangoni mwa chumba chake, hina mbichi mikononi, akauliza kwa adabu, "Mama, nitoke?"

Mama alikuwa ameshafika chini. Alichungulia njiani, akaona wanaume wamejaa. Akamjibu, "Ngoja mwanangu, uletewe buibui." Nikatumwa mimi. Nililichukua mbio, nikapanda ngazi, na nilipokuwa katikati nikasikia ukuta unaporomoka. Vumbi lilipotulia sikuona chumba wala dada. Masikini Rukia, hata jina langu hakuwahi kuliita.

Matangani watu walisema ni amri ya Mungu. Sawa, kadari haina mpinzani. Lakini nyanya yangu, mamake baba, aligeuka akawatazama mwanawe na mkwewe mbele ya watu, akasema, "Tetemeko ni la Mungu. Buibui lilikuwa letu." Baba hakuzungumza sana tena mpaka tulipomzika.

Sasa wewe juzi umesikia ardhi ikitikisika, umeuona ufa juu ya kitanda cha mwari wako, na ulichokimbilia ni chokaa! Ewe mwanangu! Mficha maradhi kilio humfichua. Kuziba ni baadaye. Kwanza muulize anayejua ardhi na majengo, ule ufa watoka wapi na bado watembea au umetulia. Mpaka akujibu, bintiyo asilale mle. Apelekwe kwa shangazi yake, mtaa wa Majengo, mchana kweupe, mji mzima umwone. Watasema, kisha watachoka. Na umfundishe hivi: ardhi ikitikisika, mtu hangoji nguo wala ruhusa ya mama.

Mola amfikishe siku yake akiwa mzima, amjaalie kizazi chema, na wewe akupe sikio ambalo sisi hatukuwa nalo. Amina. Haya, inuka. Kamtoe.