Rodi Zilizopanguswa kwa Kitambaa Chenye Maji

Nyinyi mnaojiunga na klabu ya sayansi, tulieni niwaeleze kazi ilivyofanywa zama zetu, yaani muhula uliopita.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Fundi Mkuu, mchomeleaji wa mageti nyuma ya soko la Karatina. Nikautazama moto wa kuchomelea bila kioo cheusi. Kufikia jioni macho yalikuwa kama yamejaa mchanga, na mama ameyafunika kwa vipande vya viazi.

“Ati mwanasayansi!” Fundi akacheka kesho yake. “Hata kuku anajua kufunga macho.”

Utafiti wangu ulihusu rodi, ule waya uliovikwa unga mgumu, unaoyeyuka kuunganisha vyuma. Manyunyu ya Julai yakija, unga hunyonya unyevu na mshono hutoka na vitundu kama mkate. Nilizikausha rodi kwenye jiko la mama, kando ya sufuria ya githeri, nikachomelea, nikavunja kwa nyundo. Jumamosi tisa. Rodi mbichi, vitundu. Rodi kavu, mshono imara.

Mkubwa wangu wa pili, Mwalimu Msimamizi wa Klabu, alisoma daftari langu akanipa mkono.

“Kazi safi. Kiranja Mkuu ataiwasilisha kwenye mashindano ya Nyeri.”

“Na mimi, mwalimu?”

“Utabeba vyuma. Wewe uko na mzaha mwingi, utatuaibisha.”

Kiranja Mkuu alikuwa na Kiingereza cha redio na hajawahi kuungua hata kidole. Asubuhi ya mashindano aliona rodi zina masizi, akazipangusa kwa kitambaa chenye maji, moja moja, kama viatu vya gwaride. Nilipofika na vyuma alikuwa amemaliza.

“Mkuu, umezilowesha!”

“Usafi ni alama, kijana.”

Nikamkimbilia Mwalimu Msimamizi.

“Hiyo ni wivu,” akasema. “Enda ukae.”

Nikaenda nikakaa nyuma kabisa.

Jaji, mhandisi mzee, alichomelea mwenyewe hapo nje, akaingia na chuma, akakigonga nyundo moja. Kikaachana. Akainua vipande ukumbi mzima uone vitundu.

“Na hizi ndizo rodi kavu?”

Kiranja Mkuu akamtazama Mwalimu. Mwalimu akasimama, akanyoosha kidole hadi kiti changu.

“Mheshimiwa, utafiti ni wa yule pale.”

Ndivyo nilivyotambuliwa rasmi kuwa mwanasayansi. Nilistaafu palepale, nikiwa na miaka kumi na sita.