Mgeni wa Meli Asiyepiga Makofi

Jamani, leo mtalii amenikamata mchana kweupe!

Kikundi chetu kilikuwa kinawachezea ngoma wageni waliokuja Malindi kutoka meli iliyotia nanga Mombasa. Wote simu juu. Isipokuwa mama mmoja, mweusi kama mimi, kakunja mikono, macho miguuni kwangu. Hapigi picha wala makofi.

Kadzo, mwenzangu, akaninong'oneza: "Chunga, huyo katumwa na hoteli kutukagua."

Nikaamini. Nikacheza kwa woga.

Tulipomaliza akaniita. Mwongoza watalii akanitafsiria: "Yeye ni mwenyeji wa asili wa Australia. Kwao pia huwachezea wageni wa meli. Anauliza, ile ngoma yenu ya kweli mmeificha wapi?"

Jasho!

Nikasema, "Nyumbani."

"Hata sisi," akajibu, ndipo akapiga makofi.