Mikono Isiyopakwa Mafuta

Kwa miaka ishirini na minane mwanamke huyu hakupaka mafuta mikononi. Usoni alipaka. Miguuni alipaka. Mikono ikabaki mikavu, ikikwaruza kama gunia, na mawifi zake wakamcheka: "Wifi, kaka yetu hakununulii hata kopo moja?"

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mikono yake yeye ilikuwa grisi tupu, hadi kwenye mistari ya viganja. Asubuhi akitaka kumshika mkono amuage, anafokewa.

"Usinishike! Nakwenda kazini."

"Kwani huko unakwenda kumpasua mtu moyo?"

"Moyo ungekuwa nafuu, mzee wangu. Moyo unaonekana."

Kazi yake ilikuwa kuandaa metali kwa ajili ya hadubini ya elektroni, mashine ndefu kuliko mtu, iliyofungwa chumba cha chini pasipotikisika. Hadubini hiyo haimuliki kitu kwa taa. Hupenyeza mwali wa elektroni ndani ya kitu chenyewe, picha ikatokea upande wa pili. Kwa hiyo kitu lazima kiwe chembamba mno. Alikata kisahani cha milimita tatu, akakisugua kwa msasa, akakitia kwenye tindikali hadi katikati pakatoboka. Kinachotazamwa ni ukingo wa tundu hilo tu. Hapo unene ni nanomita hamsini. Unywele mmoja uupasue vipande zaidi ya elfu, ndipo ufike hapo.

Kisha kisahani hupachikwa kwenye ncha ya kijiti cha chuma na kijiti huingizwa katika mashine. Ncha ile haiguswi na kidole. Mafuta yakiingia, mwali huyachoma yakawa masizi, nayo masizi hutua juu ya kile unachokitazama. Ndiyo sababu ya mikono mikavu, na glavu juu yake. Wenzake walimwita Mama Glavu.

Bosi wake alikuwa profesa. Vyeti vilijaa ukutani, karanga za kukaanga zikajaa mfukoni mwa koti. Alitafuna akiwa anawaza. Kuwaza kukiisha, kutafuna kuliendelea, na kuwaza kuliisha mapema.

Siku moja Mama Glavu aliumwa, hakwenda kazini. Profesa hakuweza kungoja. Akapachika kisahani mwenyewe, akatazama, akapiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Ameona pete! Pete nyeusi ndani ya metali ya kutengenezea ndege! Soda zikaagizwa, hotuba ikatolewa. Dunia, alisema, haijapata kuona pete kama hizi.

Dunia haikuziona kwa sababu dunia hunawa mikono.

Mama Glavu aliporudi alizitazama picha. Pete zote zilikuwa na upana mmoja, sawasawa na upana wa mwali alioutega Profesa mwenyewe.

"Profesa, hii si metali. Ni masizi."

"Mama, wewe kazi yako msasa."

Picha zikapelekwa kwenye jarida la wataalamu, nje ya nchi. Majibu yakarudi baada ya miezi mitatu, mistari miwili tu: hayo ni mafuta ya vidole.

Nyani haoni kundule. Profesa akaandika barua kwa mkurugenzi kwamba sampuli ilichafuliwa na fundi, yaani Mama Glavu, tangu alipoiandaa, na chini akaacha nafasi ya fundi kutia sahihi. Akisaini, anahamishiwa stoo. Asiposaini, anasimamishwa kazi.

Jioni Mama Glavu aliiweka barua mezani kwake. Mumewe alisoma kwa kudonoa kama kuku, neno moja moja. Alipofika penye neno "mafuta" akacheka hadi akakohoa.

"Mafuta yako wewe?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Nimekushika mkono asubuhi mara ngapi tangu uanze kazi ile?"

"Hata mara moja."

"Basi wakaniulize mimi."

Hakusaini. Kesho yake alimwomba mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, ashuke chumba cha chini. Visahani viwili vya metali ile ile. Kimoja apachike Mama Glavu mwenyewe, kingine Profesa, kama alivyofanya siku ile.

"Nilivaa glavu!" Profesa akasema.

"Basi vaa, tuone," mkurugenzi akamwambia.

Profesa akaifuta mikono kwenye koti, palepale penye mfuko wa karanga. Akazichukua glavu kwa ncha za vidole, akavivuta vidole vya glavu kwa nje, kimoja kimoja, kwa madaha. Mama Glavu yeye alizishika zake kwenye pindo tu.

Mwali ukasimamishwa mahali pamoja dakika kumi. Kisahani cha Mama Glavu: safi. Cha Profesa: pete ikajitokeza taratibu, nyeusi, kama alama ya kikombe mezani.

"Sogeza mwali," mkurugenzi akasema.

Ukasogezwa. Pete nyingine.

"Profesa, hongera. Umegundua tena."

"Mashine imezeeka," Profesa akajibu. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na karanga.

Barua ilichanwa. Mama Glavu hakuombwa radhi. Akarudi kwenye msasa wake, miaka sita zaidi, hadi presha ilipomlaza hospitali mwezi mmoja kabla ya kustaafu. Hakutoka tena. Mazikoni Profesa alisimama akaeleza watu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha marehemu kuvaa glavu. Debe tupu halijibiwi.

Profesa hakujua habari ya siku moja kule wodini, marehemu akiwa bado hai. Mumewe alikuwa amenawa kwa sabuni mara tatu, na kwa brashi, hadi kucha zikauma. Akafungua kopo jipya. Akampaka kidole kimoja, kisha kingine.

Mkewe akafumbua macho. "Utaniharibia sampuli, mzee wangu."

"Leo huendi kazini," akamwambia, na mkono hakuuachia.