Mbuzi Niliyemfunga Kamba

Ujinga wangu nautaja mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: nilimfunga mbuzi kamba, Maskati. Unguja hilo si jambo, mbuzi asiyefungwa hula mihogo ya watu. Lakini hapa mbuzi huzurura vichochoroni, wanajilia dagaa wakavu kama mabibi karamuni, na ikifika Magharibi kila mmoja anarudi kwao. Mpaka leo harufu ya dagaa juani ikinipiga puani, hata nikiwa nimetolewa nje ya darasa kwa utani wangu, namkumbuka yule wetu mweupe.

Tulikuwa wageni, tumekimbia Mapinduzi. Baba alibaki Unguja, hatujui yu hai au la. Mama maziwa yalimkatika kwa huzuni, na mdogo wangu Zuwena, hajaota hata jino, aliishi kwa maziwa ya mbuzi huyo. Basi mimi, mwerevu wa nyumba, nikaona akizurura ataibiwa. Nikamfunga kwenye jiwe, juu ya jabali nyuma ya nyumba. Watoto wa mtaa wakacheka, wakaniuliza kama na mama yangu humfunga vile. Mbuzi akaruka kushuka. Kamba ikamdaka hewani, akaangukia mawe. Mguu wa mbele ukavunjika, mfupa ukatoka nje.

Jirani yetu, Ami Khalfan, alikuja na kisu kiunoni, akasema kwa Kiarabu tumchinje angali mzima. Mama akamwomba asubiri. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaufunga mguu kwa vijiti vya kuti la mtende na kipande cha kanga yake, akamlaza kivulini, akamnywesha kwa kiganja. Zuwena analia ndani, sauti imeshamkauka. Mama akachukua bakuli, akachuchumaa, akagusa kiwele. Mbuzi akatetemeka mwili mzima. Mama akaondoa mkono, akainuka na bakuli tupu, akaenda kumnywesha mtoto maji ya tende.

Mguu ukaanza kunuka. Mbuzi akaacha kula, akawa anasaga meno tu. Hapo Mama mwenyewe akamwita Ami Khalfan. Akamwambia kisu akakinoe kwake, mbuzi asikione. Akampa mbuzi maji ya mwisho, akamshika kichwa mpaka kikalegea.

Nami, ili nisilie, nikafanya lile ninalolijua. Nikasema angalau leo tutakula pilau. Ami Khalfan hajui Kiswahili, lakini uso nilioufanya ulimchekesha. Mama hakucheka, wala hakunipiga.

Siku zile nilidhani Mama alichelewa kumchinjisha kwa kuogopa damu tu. Sasa ndiyo najua: kwao Unguja walizoea kuwapa wengine, na muda wote yule mbuzi alipokuwa anapumua, Mama alikuwa hajawa mwombaji. Na bado huruma yake kwa mbuzi ilishinda aibu yake ya kuomba.

Aliosha mikono, akanigeukia. "Nenda kwa mke wa Ami Khalfan ukamuombee Zuwena maziwa. Na huko, mwanangu, usimchekeshe mtu."